Jina Kwenye Jiwe la Kambi Mbao

Picha iliingia kwenye simu Jumapili, watu wametoka kanisani na mukimo bado unatoa mvuke mezani. Dakta Muturi alikuwa ameenda kunawa mikono. Simu yake aliiacha karibu na sahani ya bintiye, na mtoto akiona simu imewaka hawezi kujitia hamnazo. Wachuka aliifungua, akaikuza picha kwa vidole viwili, akakunja uso.

"Daddy, mbona jina langu liko kwa kaburi?"

"Wacha mchezo mezani," alisema Joan, mama yake, bila kugeuka. Alikuwa akipakua mboga.

"Si mchezo, Mum. Ona. Susan Wachuka. Ni mimi."

Njoki, mama yake Muturi, alikuwa ameketi upande wa dirishani, mahali pake pa siku zote. Kijiko kilikuwa kimekaribia mdomo. Alikirudisha kwenye sahani polepole, akafuta vidole kwa leso, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kitu nione."

Muturi alirudi huku mikono inadondosha maji, akamkuta mama yake ameishika simu mbali na uso, jinsi wazee wanavyosoma. Hakuhitaji kuambiwa. Jambo alilokuwa akilikwepa kwa miezi, akijiambia atalisema kesho, atalisema baada ya Pasaka, atalisema mvua ikipungua, lilikuwa limeshasemwa na mtoto kabla ya watu kushiba.

"Nani alikwambia uandike hii?" mama aliuliza.

"Mama, ni kamati ya jiwe..."

"Kamati haijui jina la msichana wangu. Nani aliwapatia?"

"Ni mimi."

Njoki aliilaza simu kifudifudi juu ya meza, akainuka kwa kushikilia kiti. "Umeandika mtoto na watu wamekufa," alisema, akaingia chumbani kwake. Chakula chake kilikaa pale mpaka kikapoa kabisa, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

*

Kazi ya Muturi ilikuwa ngumu kuwaeleza majirani wa mtaa wa Section 58. Kwamba alifundisha chuo kikuu, hilo walilielewa. Lakini alifundisha nini? Alifundisha namna umma unavyokumbuka: hotuba za viongozi siku za maombolezo, sanamu, makaburi ya pamoja, kuta zenye majina. Wenzake wa idara ya biashara walimwita profesa wa matanga, na hata huo uprofesa ulikuwa wa utani, maana bodi ya kupandisha vyeo ilikuwa imemnyima zaidi ya mara moja. Alikuwa amezunguka nchi za watu akipiga picha mawe yao, akaandika makala ndefu zenye wasomaji wachache. Katika zote hoja yake ilikuwa moja: mtu aliyeuawa asipoandikwa jina, waliomuua bado wanashinda.

Kwa hiyo watu wa Kambi Mbao, kijiji cha wapasua mbao juu ya Elburgon, walipoamua kuweka jiwe la waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari ile ya 2008, walimwita yeye. Alikuwa mtoto wa huko. Nyumba yao iliteketea huko. Na dadake, Susan Wachuka, msichana wa miaka kumi na tisa, alirudi mbio siku ile kuchukua cherehani ya mama yao, akaingia kwenye moshi, na hakuonekana tena, si mzima wala maiti.

Kamati ilikaa vikao vingi ndani ya kanisa la mabati. Muturi alitaka jiwe liandikwe "Waliouawa." Mzee Kosgei, mwenyekiti, akatikisa kichwa. "Ukiandika hivyo, Daktari, mtu atauliza na nani. Na huyo nani anauza maziwa hapo chini." Wakaandika "Waliopoteza maisha yao," kana kwamba maisha ni funguo za nyumba. Hapo Muturi alishindwa. Alikoshinda ni kwenye majina. Alitoa hoja kwamba kila mtu aandikwe majina mawili tu, la ubatizo na la nyumbani, bila la baba, kwa kuwa baba wengine walikuwa wametajwa kortini na hakuna aliyetaka ugomvi wa familia uanzie juu ya jiwe. Kamati ilimpigia makofi, naye akaenda nyumbani amevimba kichwa.

Kitu ambacho msomi huyu hakukiona, ingawa kilikuwa kinakula naye kila siku, ni kwamba jina la baba likishatolewa, dadake na bintiye wanakuwa mtu mmoja. Mtoto alipozaliwa, kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza alistahili jina la mama wa baba. Alipaswa kuwa Njoki. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuja hospitalini amevaa koti lake la kanisa, akamtazama mtoto, akasema, "Mimi niacheni. Muiteni Wachuka." Hata la ubatizo akalitaka lile lile, Susan. Joan alikuwa amechoka na uchungu wa kuzaa, hakubisha.

*

Jumatatu Muturi alikwenda mtaa wa Kaptembwo, kwa Hezekiah, fundi wa mawe ya makaburi. Jiwe lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa mabati, jeusi, limeng'arishwa hadi Muturi akaliona tumbo lake mle ndani. Kosgei alikuwepo pia, amekuja na lori kulichukua.

"Huu mstari unaweza kutoka?" Muturi aliuliza.

"Utoke uende wapi, boss?" Hezekiah alicheka. "Hii ni graniti, haifutwi na rubber. Naweza kusaga hapo, lakini itabaki shimo. Kila mtu akipita atauliza, hapa palikuwa nani?"

"Na kuziba?"

"Kuziba naziba. Lakini mvua ya Elburgon itazibua. Si ni wewe ulisema mnataka kitu haitafutika? Ulinichosha hapa ukisema hata kipofu aisome na vidole."

Vijana wawili waliokuwa wakimwagia msumeno maji walitazamana wakatabasamu. Muturi alihisi masikio yakiwaka. Kosgei akamvuta kando, nyuma ya lori. Mzee huyu naye alikuwa na mtu wake kwenye lile jiwe. Kakake mkubwa alipigwa risasi barabarani wiki ile ile, na jina lake lilikuwa juu kabisa.

"Mama anasemaje?"

"Anasema nimemwandika mtoto."

Kosgei hakucheka. "Hata kwetu jina si kitu ya kucheza nayo. Sasa sikia, Daktari. Jiwe liache. Jumamosi wewe ndiye unasoma majina. Ukifika hapo, ruka. Jiwe litakuwa nalo, lakini mdomo haujataja."

"Niruke dada yangu? Mimi?"

"Basi usiruke. Lakini mwenye anarudi kulala nyumba moja na huyo mama ni wewe, si mimi."

*

Njoki alikuwa na mazoea yake. Jioni, watoto wakiwa bado wanacheza barabarani, alisimama langoni na kuita, "Wachukaaa!" akilivuta jina mpaka mwisho wa mtaa, na mtoto akaacha mpira au kamba akaja mbio. Hata majirani walijua kwamba hiyo ndiyo saa ya kuwaita watoto wao warudi ndani. Jumanne aliita vile vile. Mtoto akaja na vumbi hadi magotini.

"Niko, Shosho."

Njoki alimtazama, kisha akatazama tena barabara. "Si wewe," alisema.

Akaita mara ya pili. Mtoto alisimama pale kando yake, hajui aingie ndani ama akae, huku jina lake likipita juu ya kichwa chake kwenda kwa mtu mwingine. Joan aliyaona hayo akiwa dirishani. Barabara ilikuwa tupu. Mama mkwe wake alikuwa ameinua shingo, anasubiri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetarajia kujibiwa.

Jumatano ikawa hivyo hivyo. Alhamisi Wachuka hakutoka kucheza. Alijikunja kwenye kochi na viatu vyake vya shule, na Joan alipomuuliza ana nini, akasema kwa sauti ndogo, "Mum, yule mwingine akikuja, mimi nitaenda wapi?"

Joan alimfuata mumewe kwenye meza yake ya kazi. Muturi alikuwa akirekebisha hotuba.

"Maliza hii kitu," alisema.

"Joan, jiwe haliwezi..."

"Mimi siongei na jiwe. Niliolewa kwa nyumba iko na mtu hajazikwa, nikanyamaza. Nikazaa, mkachukua mtoto wangu mkamfanya kaburi anatembea, nikanyamaza. Sasa mtoto ananiuliza ataenda wapi. Nimwambie aende wapi, Muturi?"

"Ndiyo maana nilimwandika. Dada awe na mahali pake, mtoto awe na pake."

"Na ulimwambia mama yako? Unaweza kuongea na kamati nzima. Unaongea na wazungu kwa Zoom mpaka laptop inazima. Mama yako ako hapo chumba cha pili na huwezi."

Ukweli huo ulimkata maini. Alifunga kompyuta, akasimama mlangoni kwa mama yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akabisha.

Njoki alikuwa akikunja nguo kitandani. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Mama, Wachuka alikufa," Muturi alisema. Hakuwa ameyatamka maneno hayo mbele yake hata siku moja. Alikuwa ameyaandika kwa Kiingereza, na huko pia aliyafunika kwa maneno marefu.

"Wewe ulifikiri sijui?"

Muturi aliufunga mlango nyuma yake.

"Mimi ndiye nilimtuma cherehani," Njoki alisema, akilainisha kola ya gauni kwa kiganja. "Nilijua jioni hiyo, moshi hata haujaisha. Nyinyi ndio mlizunguka mochari mkifungua mashuka ya watu. Mimi sikutafuta. Nilingoja mtoto azaliwe. Akazaliwa, nikampa jina, msichana wangu akarudi, na mimi nikalala usingizi. Hiyo ndiyo matanga nilifanya, na nilikuwa nimemaliza. Sasa wewe umemfukua. Namsikia huko nje, hana pa kuingia."

Muturi alikuwa amewahoji wajane na mayatima wengi, na kila mara alijua swali la kufuata. Leo hakuwa nalo. Miaka yote hii alimhesabu mama yake kuwa mtu aliyeukataa ukweli, hata akamtia kwenye makala moja bila kumtaja, "mama mmoja wa Bonde la Ufa asiyekubali msiba." Makala ile ilisifiwa sana. Aliona aibu hadi akatazama sakafu.

"Na mtoto?" aliuliza mwishowe. "Anamwogopa huyo unayemwita."

Njoki aliweka gauni juu ya mengine. Sauti yake ilikuwa kavu. "Jumamosi nitakuja na nyinyi. Lakini nakwambia mapema. Ukisoma hilo jina, mimi nitabaki Elburgon kwa dada yangu. Kwa nyumba yako sirudi."

*

Jumamosi Kambi Mbao kulikuwa na ukungu, na mashine za kupasua mbao zilizimwa kwa heshima. Mheshimiwa mbunge hakuja, alituma msaidizi na shada la maua lenye kadi ya jina lake kubwa kuliko maua. Watu walijaza viti vya plastiki, waliobaki wakasimama kwenye maranda ya mbao. Jiwe lilifunuliwa. Likaombewa. Kisha Muturi akapewa kipaza sauti.

Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe: yeye anasoma jina, na jamaa wa marehemu wanajibu, "Tupo." Alikuwa ameuona mahali fulani ugenini ukawatoa watu machozi, na hapa pia uliwatoa. Kosgei alimjibia kakake kwa sauti iliyokauka, akaketi haraka. Mama mmoja alishindwa kujibu na jirani yake, mtu wa upande mwingine kabisa, akamjibia. Muturi aliliona hilo na moyo ukamjaa, na papo hapo akakumbuka kwamba anakaribia jina la dadake.

Mama yake alikuwa safu ya pili, amevaa koti lake la kanisa. Mtoto alikuwa kando yake, Joan upande wa pili. Njoki alikuwa akimtazama mwanawe mdomoni.

"Stephen Mbugua."

"Tupo."

Jina lililofuata lilikuwa pale mbele yake.

"Teresia Nyambura," alisoma.

"Tupo," wakajibu wa kina Teresia, lakini kwa kusitasita, maana waliokaa mbele walikuwa wakifuata kwenye jiwe kwa macho. Mnong'ono ukapita. "Umeruka mtu," mwanamume mmoja alisema nyuma. "Huyo Susan." Muturi alijifanya hajasikia, akatafuta mstari wa chini.

Ndipo mwanamke mmoja aliyesimama kwenye maranda akasema, bila ubaya mkubwa, jinsi watu wanavyosema mambo ya wengine, "Si ni yule alitoroka na dereva wa lori? Walisema ako Kisumu na watoto." Mtu karibu naye akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha watu waliochoka kulia, lakini kilisikika.

Uvumi huo Muturi aliujua. Ulizunguka Elburgon miaka mingi na wote nyumbani walihakikisha haumfikii mama. Sasa alimwona akigeuza shingo kuelekea kule kicheko kilikotoka. Akamwona akiinuka.

"Rudi nyuma," Njoki alisema. "Umeacha mmoja."

"Mama..."

"Soma mtoto wangu."

Alisoma. Sauti ilimtoka vibaya, imekwaruza kama ya kijana anayebaleghe. "Susan Wachuka."

"Niko!"

Ilikuwa sauti ya mtoto. Wachuka alikuwa amesimama wima, mkono juu kama darasani, macho yamemtoka. Maisha yake yote jina hilo likiitwa ni yeye aliyeitika, na wiki nzima alikuwa ameambiwa si yeye, na pengine alitaka tu kuwahi kabla ya yule mwingine. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke wa maranda alijishika kifua, na Kosgei akavua kofia bila kujua kwa nini.

Njoki alimgeukia mjukuu wake. Aliushika ule mkono mdogo uliokuwa hewani, akaushusha, akaufungia ndani ya mkono wake. Kisha akalikabili jiwe.

"Hayupo," alisema.

Akashusha pumzi, akasema tena kwa nguvu, ili wa nyuma wasikie. "Susan Wachuka hayupo. Hakutoroka na mtu. Nilimtuma mimi, akachukue cherehani yangu, na akafia hapa kwenu. Huyu ni mtoto mwingine."

Akaketi. Ukungu ulikuwa umeanza kuwa manyunyu. Muturi aliendelea na majina yaliyobaki kwa kuwa hakujua lingine la kufanya, na watu wakaendelea kujibu. Hotuba yake hakuisoma, na hakuna aliyeiulizia.

*

Baadaye watu walipanga foleni ya chakula. Muturi alichukua sahani mbili za wali akazipeleka chini ya hema, na alipokaribia akasikia mama yake na bintiye wakizungumza. Akasimama nyuma yao.

"Shosho," mtoto alisema, "sasa mimi ni nani?"

Njoki alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama kwa makini jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa mgeni.

"Macho yako si yake," alisema. "Hata pua. Hii pua ni ya akina Joan." Alionekana kushangaa kwelikweli. "Sijawahi kukuangalia, mama. Unapenda nini, wewe? Niambie, mimi sijui."

Mtoto alifikiri. Aliangalia kama kuna mtego.

"Uji wa wimbi sipendi," alisema kwa woga. "Nilikuwa nakunywa tu kwa vile ulisema napenda."

Njoki aliuachia uso wa mtoto. Mdomo wake ulifunguka, na kilichotoka ni kilio ambacho Muturi hakuwahi kukisikia kwa mama yake, si Januari ile, si waliporudi kutoka mochari, si miaka yote iliyofuata. Alilia kwa sauti, ameinama hadi magotini, na watu wa foleni wakageuka na sahani zao mikononi. Wachuka alishtuka. Alimshika koti, akaanza kumpapasa mgongo haraka haraka.

"Nitakuwa nakunywa tu, Shosho," alisema. "Nitakunywa. Usilie."